Ukuta wa Chungwa na Kiti cha Plastiki

SWALI: Sebule yangu ina ukubwa wa mita nne kwa tano, kuta nyeupe na vigae vya kijivu. Ninapenda samani za miaka ya 1960, zilizobuniwa kana kwamba watu wangehamia mwezini kesho yake. Nianze na nini, na je, ukuta wa rangi ya chungwa utazidi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Anza na kiti kimoja chenye umbo la kuvutia macho, kisha vyombo vingine vikipishe. Kile cha mviringo kama mpira uliokatwa upande mmoja, ambacho Eero Aarnio wa Ufini alikibuni mwaka 1963 kwa faibaglasi, kina upana wa zaidi ya mita moja na kitameza kona nzima. Kiti cha plastiki cha Verner Panton wa Denmark, kilichoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1967 kikiwa kipande kimoja kisicho na miguu ya nyuma, kinatosha hata kando ya dirisha, na vumbi lake hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Mimi ningechukua hicho.

Rangi ya chungwa haitazidi ukiipaka ukuta mmoja tu, usiopigwa na jua la alasiri. Ijaribu kwanza kwenye boksi lililokunjuliwa, uliegemeze ukutani, ulitazame mchana na usiku taa zikiwaka. Zulia liwe la rangi moja, kwa mfano kahawia iliyokolea, kwa kuwa maua yatagombana na mikunjo ya kiti. Ile taa ndefu nyeupe ya darini, inayofanya sebule nyingi zifanane na zahanati, ibadilishe kwa balbu ya mwanga wa manjano.