Tivii ilipasuka kioo ndo wanangu wakaanza kusikia muziki wa filamu

Mkuu mleta uzi, umeuliza tunapenda muziki wa filamu gani na watoto tunawaambukizaje, maana wako wanajua vile vipande vya sekunde 15 vya kwenye simu tu basi. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, ni marefu kidogo mnivumilie.

Mimi nimekulia Chang'ombe hapa hapa Dodoma, miaka ya 90. Banda la video lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, mabati chini juu maturubai, kiingilio shilingi 50 na hiyo 50 sasa uitoe wapi, na mwenye banda alikuwa na fimbo ukichungulia tu unalo. Ila sauti angeizuiaje? Tulikuwa tunakaa nyuma migongo imeegemea bati, na bati lenyewe linatetemeka kwa spika, tunasikiliza filamu nzima mpaka mwisho, halafu kesho yake shuleni tunasimulia kuliko waliolipa.

Sholay niliijua hivyo, kwa mgongo. Ile ya Kihindi ya 1975, muziki wake R.D. Burman. Kuna mahali risasi zote zinanyamaza, kinapigwa kinanda cha mdomo taratibu, cha mtu mpweke hivi. Mimi kichwani nilikuwa namuona jamaa anatembea barabarani peke yake usiku, upepo kama huu wetu wa mwezi wa saba. Nimekuja kuiona kwa macho nishakuwa mtu mzima, kumbe jamaa kakaa tu chini anapuliza, na juu ghorofani mjane anazima taa moja baada ya nyingine, hawasemeshani neno. Nilikaa kimya aisee. Barabara haikuwepo ila upweke niliusikia sawasawa nikiwa nje ya bati.

Sasa turuke mpaka mwaka juzi. Dogo wangu wa miaka 6 kapiga mpira sebuleni, kioo cha tivii kwisha habari. Fundi akaja akaangalia akatikisa kichwa, akasema bei ya kioo hicho bora uongeze kidogo ununue nyingine. Hela haikuwepo, ada ilikuwa imenikaba. Lakini tivii ilikuwa inaongea vizuri tu, na sabufa ipo, na flashi yenye filamu ipo. Siku ya tatu watoto wamechoka kununa nikawaambia njooni, leo tunaangalia filamu kwa masikio. Wife akanicheka akaenda chumbani na simu yake kuangalia tamthilia yenye picha.

Nilianza na Black Panther, ile ya mfalme shujaa wa Kiafrika, maana walishaiona, wasipotee. Mwanzo fujo tupu, dogo anauliza saa hizi nani anapigana, dada yake (ana miaka 10) anamwambia nyamaza. Siku ya pili tumeirudia, ikaingia ile filimbi, bint akanishika mkono, "baba, yule adui huyo anakuja." Hakuna aliyesema kitu kwenye filamu bado! Nikasimamisha nikawaeleza: aliyetunga ni Msweden, Ludwig Göransson, alienda Senegal akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, kule ndo akakutana na ngoma ya tama, ile inayobanwa kwapani inaongea, akampa mfalme, na filimbi ya Wafulani akampa Killmonger, yule adui. Akapata tuzo ya Oscar 2019. Dogo Oscar haikumhusu, alichotaka kujua ni kwamba mtu anaweza kuwa na filimbi yake mwenyewe ya kuingilia. Wiki nzima alikuwa anaingia jikoni na mlio wake, wa mdomo, mbaya kweli kweli.

Lion King, ile katuni ya simba ya 1994, nayo ilinipa kazi. Ule mwito wa mwanzo wamekua wakiuimba maneno ya kubuni, kama sisi sote tulivyofanya msinidanganye. Nikawaambia ni Kizulu, anaimba Lebo M wa Soweto, anasema simba huyo anakuja. Bint akanuna, alidhani ni Kiswahili chetu kimeharibiwa. Na Hans Zimmer aliyetunga muziki wa humo (nyimbo ni za Elton John na Tim Rice) alifiwa na baba yake akiwa na miaka 6, kazi yenyewe aliichukua ili akamuoneshe bintiye filamu. Hilo niliwaambia kabla ya Mufasa, yule baba simba, kufa, sijui kama nilifanya vizuri, dogo alilia zaidi.

Humu kuna mdau kashauri mnunue kinanda mumlipe mwalimu. Mimi nilinunua. Kipo juu ya kabati kinakusanya vumbi la Dodoma. Mkuu, kama hela unayo nunua, ila mtoto ambaye hajawahi kukaa akasikiliza atabonyeza siku mbili tu.

Kilichonishangaza mimi ni pale tulipoenda Mvumi kwa bibi yao. Kulikuwa na sherehe, akina mama wanapiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, na bint akaniuliza kwa kunong'ona, "baba, hii ni ya nani anakuja?" Nikamwambia muulize bibi.

Tivii mpya tumenunua Desemba. Siku hizi kuna jioni wanafunika kioo kwa kanga wenyewe. Juzi niliwawekea ilimba, kile kinanda cha kupiga kwa vidole gumba, ya mzee Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003, haina filamu yoyote, nikawaambia filamu tungeni nyie. Dogo akafumba macho akasema kuna mzee anatembea haraka mvua inataka kunyesha. Dada yake akasema hapana, mvua ishanyesha huyo anarudi. Niliwaacha wanabishana nikaenda kufunga mbuzi, narudi bado wanabishana na wameirudisha mwanzo.