Maswali na Majibu: Nani Huchagua Faida ya Mwaka?

Swali: Nina kampuni ya utalii Njiro, Arusha. Mkaguzi ameondoa kwenye mapato ya Desemba malipo ya awali ya wageni watakaofika Julai, na faida yangu imegeuka hasara. Je, nimfukuze mhasibu?

Jibu: Anza kwa kuusoma mkataba wake wa ajira. Ikiwa bonasi yake na ya wauzaji wa safari hukokotolewa kwa mapato yaliyoandikwa hadi tarehe 31 Desemba, basi wewe ndiye uliyemwelekeza huko. Fedha ya mgeni ambaye hajapanda hata gari la kwenda Ngorongoro bado ni deni lako kwake, na huwa mapato pale safari inapofanyika. Ndivyo kinavyoagiza kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018, na sidhani kama mhasibu wako hakijui. Funga bonasi kwenye safari zilizokamilika, kisha utazame kama "kosa" hilo litajirudia. Hukuniuliza, lakini kama hesabu hizo za kwanza zilikwisha kupelekwa benki kuombea mkopo, kawaeleze leo.

Swali: Ni programu ipi ya uhasibu itakayozuia udanganyifu?

Jibu: Hakuna, na swali hili sitalijibu tena.

Swali: Tunauza vipuri Moshi na mhasibu wetu ana CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Kwa nini mzigo wa stoo kila mwaka huonekana mkubwa kuliko ulivyo?

Jibu: Kwa sababu CPA huyo hupiga hesabu juu ya karatasi ya mtunza stoo, ambaye, kama ilivyo katika maduka mengi, hukatwa mshahara kipuri kikipungua au kuharibika. Mtu wa namna hiyo ataihesabu bearing iliyoshika kutu kuwa nzima, nanyi mtaiandika kwa bei kamili. Ondoeni makato hayo, na siku ya kuhesabu mpelekeni mtu asiyeishika stoo.

Swali: Bosi ameniagiza niandike gharama za matengenezo kama mali ya kudumu. Nikikataa nitapoteza kazi, na nina watoto wanaosoma.

Jibu: Katika kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani gharama za kawaida ziliandikwa hivyo hivyo ili faida ionekane kubwa, hadi wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper walipozifichua mwaka 2002. Betty Vinson wa idara ya uhasibu alipinga, akafikiria kuacha kazi, kisha akaandika alivyoagizwa; mwaka 2005 alihukumiwa miezi 5 jela. Mwombe bosi agizo hilo kwa maandishi, na nakala uiweke nyumbani.