Mchoro wa nishati wenye vilele viwili: unapima kutoka wapi?

Swali: Nilipewa mchoro wa nishati ya mmenyuko wenye vilele viwili. Vitu vinavyomenyuka viko kwenye 50, kilele cha kwanza 120, bonde 90, kilele cha pili 135 na mazao 20, vyote kwa kilojuli kwa moli. Niliandika kwamba nishati ya uamilishaji, yaani ile inayohitajika ili mmenyuko uvuke kilele, ni 135, na kwamba hatua ya kwanza ndiyo ya polepole kwa sababu mpando wake ni mrefu. Nimekosa yote mawili. Kwa nini?

Jibu: Kosa la kwanza ni mahali ulipoanzia kupima. Sifuri ya mhimili wima imewekwa na mchoraji tu. Angeweza kuishusha au kuipandisha, na mmenyuko ungebaki uleule. Chenye maana ni tofauti ya vimo viwili. Weka rula kwenye mstari wa vitu vinavyomenyuka, usome 50. Ipandishe hadi kilele cha juu kabisa, usome 135. Tofauti ni 85, na hiyo ndiyo nishati ya uamilishaji ya mmenyuko mzima. Badiliko la entalpi, yaani joto linaloingia au kutoka kwenye mmenyuko, ni mazao kutoa vitu vya mwanzo: 20 − 50 = −30, na usiiache ile alama ya kutoa, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba joto limetoka. Mmenyuko wa kurudi huanzia kwenye mazao: 135 − 20 = 115. Jikague hapohapo: 115 kutoa 85 lazima ikupe 30. Isipokupa, kuna kimo umekisoma vibaya.

Kosa la pili lina mantiki yake, ndiyo maana wengi hunaswa. Ni kweli mpando wa kwanza ni 70, na wa pili, ukianzia bondeni, ni 45 tu. Lakini zifikirie molekuli za zao la kati, yaani kitu kinachoundwa na hatua ya kwanza na kutumiwa na ya pili, zilizo pale bondeni kwenye 90. Kurudi zilikotoka zinahitaji 30. Kusonga mbele zinahitaji 45. Nyingi zitarudi, zipande tena, zirudi tena, na zinazofanikiwa kuvuka kilele cha pili ni chache. Hatua ya pili ndiyo inayoshikilia mwendo, mradi hatua hizo mbili hazitofautiani sana katika mambo mengine. Kwa hiyo bonde likiwa juu ya kimo cha mwanzo, tafuta kilele cha juu kabisa. Likiwa chini ya kimo hicho, hali ni nyingine: molekuli hurundikana bondeni, na mpando wa kutoka humo ndio unaopaswa kuulinganisha na ule wa kwanza.

Usikadirie kasi kwa kutazama mazao yapo chini kiasi gani. Hidrojeni ikiungana na oksijeni hutoa takriban kilojuli 286 kwa kila moli ya maji ya kimiminika, lakini mchanganyiko wake hukaa katika joto la kawaida bila badiliko la kuonekana hadi upate cheche.

Kichocheo nacho, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, hakigusi ncha mbili za mchoro. Peroksidi ya hidrojeni ikivunjika yenyewe huhitaji takriban 75 kJ/mol. Ikiwekewa ioni za iodidi, takriban 56. Badiliko la entalpi hubaki karibu −98 kwa moli. Hizo 19 zilizopungua, ukiziingiza kwenye mlinganyo wa Arrhenius, unaounganisha kasi na nishati ya uamilishaji, kwa nyuzi 25 za Selsiasi, mambo mengine yakibaki sawa, huongeza kasi takriban mara 2,000. Kupasha joto ni jambo jingine: mlima haushuki, ila molekuli zenye nguvu ya kuuvuka huongezeka. Ukichora mlima mfupi kwa sababu ya joto, umekosea.

Mhimili mlalo hauonyeshi muda, kwa hiyo upana wa mlima usikupe jibu lolote.

Hayo yote nimeyasema nikichukulia kwamba mhimili wako wima umeandikwa entalpi. Ukiwa umeandikwa nishati huru ya Gibbs, utatoa namba kwa njia ileile, ila −30 yako haitakuwa joto lililotoka. Itaonyesha kwamba mmenyuko unaelemea upande wa mazao.