Randa ya mkono ya Kijapani: faida ya kweli au mbwembwe za video?

SWALI

Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya samani hapa Morogoro. Natengeneza vitanda, meza na milango, na mbao zangu nyingi ni mninga na mtiki. Siku hizi kwenye simu naletewa video za maseremala wa Japani wanaovuta randa ya mbao kuelekea kwao, na maranda yanatoka marefu na membamba hadi unaona kilicho upande wa pili. Halafu nguzo wanaiacha hivyohivyo, bila msasa wala vanishi. Mimi nina mashine ya randa na mashine ya msasa, na kazi zinakwenda. Naomba unijibu kiufundi: hapo kuna faida gani ambayo mashine haitoi? Au ni mbwembwe tu? Na je, niitafute randa ya aina ile?

JIBU

Marahaba, fundi mwenzangu. Faida ipo, lakini imefungamana na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: nguzo wanaiacha bila vanishi. Katika ujenzi wa kimapokeo wa Japani, uso uliotoka chini ya randa ndio uso wa mwisho. Hakuna rangi, nta wala vanishi itakayokuja kuficha kasoro, na mwenye nyumba atakaa na nguzo ile maisha yake yote akiitazama na kuigusa. Kwa hiyo randa kule haiishii kunyoosha mbao, inaimalizia kabisa. Usipolishika hilo, mengine yote utayaona ni madoido.

Sasa tuingie ndani ya mbao. Mti wanaoupenda kwa mahekalu na nyumba nzuri ni hinoki, wa jamii ya misanduku, wenye nyuzi zilizonyooka na harufu tamu. Mbao yake, kama ya miti mingine ya jamii hiyo, ni mirija myembamba iliyolala pamoja, na kila mrija una upana wa kati ya maikroni 20 na 40 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kisu kikali kikipita, kinaikata mirija hiyo na kuacha kuta zake safi. Chembe za msasa hazikati namna hiyo. Kila chembe inachimba mfereji wake mdogo, inabomoa kuta, inaacha vinyweleo vimesimama, na vumbi linashindiliwa kwenye matundu. Ni tofauti ya nyasi zilizopitiwa na fyekeo kali na zile zilizokwatuliwa kwa jembe butu: zote zimekuwa fupi, lakini ukiinama utaona ipi imekatwa.

Matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho. Uso uliokatwa unarudisha mwanga kwa mpangilio, ndiyo maana hinoki iliyopigwa randa vizuri inang'aa bila kupakwa kitu. Uso wa msasa, hata ukifika namba 400, unatawanya mwanga na unaonekana umefubaa mpaka upate mafuta au vanishi. Halafu dondoshea maji. Kwenye uso uliokatwa tone linakaa juu kwa muda, ila kwenye uso wa msasa vile vinyweleo vinalinyonya haraka, vinavimba na kusimama, na ukikausha unakuta mbao imekuwa na ukakasi. Ndiyo maana wenzetu wengine wanalowesha meza kwanza, wanaacha ikauke, ndipo wanapiga msasa wa mwisho. Lakini usidhani mbao iliyopigwa randa haipitishi maji. Mvua ikiipiga miaka mingi itakunywa tu, hasa kwenye ncha, na jua litaigeuza rangi ya kijivu vilevile.

Mashine yako ya randa ina kasoro ya aina nyingine. Visu vyake vimefungwa kwenye gogo la chuma linalozunguka, kwa hiyo kila kisu kinashuka, kinachota, kinapanda. Kinachobaki ni mawimbi. Shika ubao, mwanga wa dirisha uupige kwa kulala, na utayaona, wakati mwingine hata chini ya vanishi. Visu vikiwa butu ni mbaya zaidi, kwa sababu vinapiga mbao badala ya kuikata. Sehemu laini za pete za mti zinashindiliwa chini, ubao unatoka mashineni ukionekana laini kabisa, kisha unyevunyevu wa masika unaingia na zile sehemu zinavimba upya. Mteja anakupigia simu kwamba meza imeota matuta.

Ila tusiupe mkono sifa isiyo yake. Japani kwenyewe karakana nyingi zina mashine ambayo kisu chake hakizunguki: kimetulia mezani, na mkanda wa mpira unasukuma ubao upite juu yake kwa kasi. Inatoa utepe mzima wa maranda na uso unaokaribia sana wa randa ya mkono. Kwa hiyo siri iko kwenye kisu kimoja kikali kinachopita mfululizo kutoka ncha hadi ncha. Randa ya mkono ndiyo njia ya kale ya kulipata hilo, na kwa nguzo nene yenye maungo yaliyokwisha kuchongwa, mara nyingi ndiyo njia rahisi.

Randa yao inaitwa kanna. Mwili wake ni kipande cha mwaloni mweupe, bila mpini. Kisu ni kinene, kimeundwa kwa umbo la kabari, na kinajifunga chenyewe kwenye mifereji iliyochongwa ubavuni mwa tundu, hakuna parafujo. Kimeundwa kwa vyuma viwili vilivyounganishwa motoni: tabaka jembamba la chuma kigumu sana kwenye makali, na chuma laini mgongoni. Ule ugumu unashika makali, ule ulaini unakinga kisu kisivunjike na kukifanya kiwe chepesi kunoa. Upande bapa umechimbwa kidogo katikati, ili kwenye jiwe la maji la kunolea uguse ukingo tu badala ya kuhangaika kusawazisha uso mzima.

Ukitaka kisu kitoke zaidi, unagonga kichwa chake kwa nyundo ndogo. Ukitaka kirudi, unagonga mwili wa randa kwa nyuma. Fundi anageuza randa, anachungulia kwenye tumbo lake, na anaona makali yakijitokeza kiasi cha unywele au hata pungufu ya hapo.

Tumbo lenyewe, na hili wengi hawalijui, halijanyooka. Kwenye randa ya kumalizia linagusa mbao sehemu mbili tu: kwenye ukingo unaotangulia na kwenye mstari mwembamba kabla tu ya mdomo wa kisu. Kwingine kote limekwanguliwa chini kidogo sana, kiasi ambacho utakiona kwa kuweka rula na kuangalia mwanga unapopenya. Ule mstari kabla ya mdomo unakandamiza nyuzi zisipasuke mbele ya kisu. Na kwa kuwa mwili ni mbao, unabadilika na hali ya hewa. Fundi wa kule anaikwangua randa yake mara kwa mara, na msimu ukibadilika huo ni utaratibu wa kawaida, wala hauonekani kuwa usumbufu.

Yale maranda membamba ya kwenye video mengi yanatoka kwenye mashindano. Japani kuna jumuiya inayoitwa Kezuroukai, iliyoanza mwaka 1997, ambayo mafundi wake hukutana na kushindana nani atatoa utepe mwembamba zaidi usiokatika. Wanapima kwa maikroni, na washindani wazuri wanashuka chini ya 10. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina karibu maikroni 100. Rudi sasa kwenye upana wa mrija niliokutajia: utepe huo ni mwembamba kuliko mrija mmoja wa mbao, kwa hiyo kilichokatwa ni vipande vya kuta tu, wavu mtupu. Kazini hakuna anayepiga nguzo kwa unene huo, angemaliza lini? Lakini kipimo kina maana yake: hutoi maranda ya maikroni 10 kama kisu ni butu, tumbo limepinda, au mkono hautembei sawasawa. Ni mtihani wa chombo na fundi.

Halafu usichukulie kwamba randa hii ni ya tangu zamani. Randa yenye mwili wa mbao ilienea Japani kati ya karne ya 15 na ya 16 hivi. Kabla yake walitumia tezo, kisha yariganna, chombo chenye umbo la ncha ya mkuki kwenye mpini mrefu. Kinaacha alama ndefu zenye mabonde ya kina kidogo, na ndicho chombo cha zama ilipojengwa Horyu-ji, hekalu la mkoa wa Nara lenye majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyobaki duniani, yaliyosimama kwa takriban miaka 1300. Chombo hicho kilikuwa kimepotea kwenye mikono ya mafundi mpaka seremala wa mahekalu Nishioka Tsunekazu, aliyeishi kati ya 1908 na 1995, alipokifufua. Alikitumia katika kujenga upya majengo ya hekalu la Yakushi-ji, ukiwemo mnara wa magharibi uliokamilika mwaka 1981. Kwa maoni yangu uso wa yariganna ni mzuri kuliko wa kanna, maana mwanga wa asubuhi unacheza kwenye yale mabonde. Lakini hayo ni mapenzi, si ufundi.

Jambo la kuiga kutoka kwao, hata usiponunua chochote, ni mpangilio wa kazi. Nguzo inapimwa, maungo yanachongwa, mashimo yanatobolewa, na randa ya kumalizia inapita mwishoni kabisa, karibu na siku ya kusimamisha nyumba. Baada ya hapo nguzo inafungwa karatasi, kwa sababu jasho la kiganja linaacha doa lisilofutika kwenye mbao isiyopakwa kitu. Sisi tunamalizia uso mapema, kisha tunauburuza sakafuni wiki nzima.

Sasa kazi yako. Ukimpakia mteja vanishi ya tabaka tatu, tofauti kati ya uso wa randa na uso wa msasa mzuri itazama humo ndani. Mimi nisingekushauri uiache mashine ya msasa. Tena ukipaka rangi ya mbao yenye kupenya, uso wa randa utainywa kidogo kuliko wa msasa. Kama meza ina sehemu ulizopiga randa na sehemu ulizopiga msasa, itatoka na mabaka, kwa hiyo pitisha msasa kote.

Randa ya mkono itakulipa kwenye mambo haya. Kwanza ni kingo za mbao unazounganisha kwa gundi: piga randa kisha gundisha siku hiyohiyo, maana ukingo mpya uliokatwa unashika vizuri na mstari wa gundi hauonekani. Jingine ni kufuta yale mawimbi ya mashine kabla ya msasa, kwa sababu msasa unayafuata mawimbi badala ya kuyaondoa. Na ipo kazi utakayomalizia kwa mafuta peke yake, kama kibao cha mkate au mkono wa kiti. Hapo mteja atagusa mbao yenyewe, na hapo utaona thamani wanayoizungumza Wajapani.

Kuhusu kununua kanna, mimi ningesubiri. Kisu chake kwa kawaida kinalala kwenye pembe ya karibu digrii 38 hadi 40, iliyolengwa miti laini yenye nyuzi zilizonyooka. Mninga wako una nyuzi zinazopishana, ubavu huu zinakwenda, ubavu ule zinarudi, na kwa pembe hiyo utang'oa vipande. Mtiki nao una silika ndani yake, unakula makali upesi, na utachoka kwa kunoa mara kwa mara. Zaidi ya hapo, mwili uliotulia kwenye duka lenye kiyoyozi utapinda ukifika Morogoro, nawe itabidi uukwangue kabla hujapata utepe hata mmoja.

Anza na randa ya chuma uliyonayo. Angalia kile chuma cha pili kinachobana mgongoni mwa kisu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata walipiga filamu ya karibu sana ikionyesha maranda yakitoka, na ilionekana wazi kwamba chuma hicho kikikaa karibu mno na makali, sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita, kinayakunja maranda kabla hayajaanza kuchana mbao mbele ya kisu. Wengi wetu tunakiacha nyuma milimita mbili, tatu, na hapo hakifanyi kazi yoyote. Noa ukingo wake pia, ukae bapa kwenye kisu bila kupitisha mwanga, usije ukanasa maranda.

Kisha noa kisu kwa jiwe la namba 1000, malizia na la 6000 au 8000, halafu kijaribu kwenye ncha ya ubao laini wa msonobari, siyo kwenye nywele za mkono. Ncha ikitoka inang'aa, bila vumbi jeupe wala mashimo, peleka kwenye mninga, chukua maranda membamba, na ukiona ung'okaji geuza ubao upande wa pili kabla hujalaumu randa.