Meno ya bandia: uliza kwanza yanakalia nini

Kwa miaka minne nilikunywa chai kwa kukisia. Sahani ya plastiki ya meno yangu ya bandia ilifunika kaakaa lote, hivyo moto wa chai niliujua ilipofika kooni. Ladha nayo ilififia, hata pilau nikawa nalisifia kwa adabu tu.

Nilikuwa nimeng'olewa meno matano ya juu, matatu kulia na mawili kushoto, kila moja kwa wakati wake, kwa sababu mimi ni wale wa kungoja jino liume kweli ndipo twende hospitali. Kila upande likabaki gego la mwisho. Nikatengenezewa meno ya plastiki ya bei nafuu, wala sikuuliza kitu. Yalikalia ufizi mtupu. Nikitafuna, yanadidimia; ufizi unawaka. Mfupa wa pengo nao huendelea kusinyaa, kwa hiyo mwaka wa tatu yakaanza kucheza. Siku moja yakakatika katikati, tena kwa muhogo wa kukaanga, siyo hata nyama.

Daktari wa pili ndiye aliyenifungua macho. "Mama, uzito wa kutafuna unataka ubebwe na nini, ufizi au meno?" Laiti ningeulizwa hivyo mapema.

Meno yenye fremu ya chuma, ambayo mara nyingi ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya kobalti na kromiamu, yana vikulabu vinavyokumbatia meno yaliyobaki. Watu huviona vikulabu wakadhani ndiyo kazi yote. Kazi kubwa iko kwenye vijilimi vidogo vinavyolala ndani ya vijishimo ambavyo daktari huchonga juu ya meno yako. Hapo uzito unashukia kwenye mizizi, na ufizi unapumzika. Na kwa kuwa chuma ni imara hata kikiwa chembamba, sehemu kubwa ya kaakaa langu sasa iko wazi. Chai naijua tangu ncha ya ulimi.

Kazi ilianzia kwenye meno yaliyobaki: kusafishwa, mawili kuzibwa. Kisha vipimo, halafu fremu ikajaribiwa peke yake kabla ya kupandikwa meno. Hatua hiyo usikubali irukwe. Fremu inayoyumba ikiwa tupu itayumba hata ikijaa meno.

Bei? Mimi nililipa karibu mara tatu ya yale ya plastiki, kwa awamu.

Lakini si kila mtu nitamwambia akimbilie chuma. Kama meno uliyobaki nayo yanalegea, plastiki ina nafuu, maana likitoka jingine ni rahisi kuliongeza. Kwenye chuma ni kazi ngumu. Kama umeng'olewa juzi, ngoja miezi kadhaa ufizi utulie. Kama magego ya nyuma yameisha yote, ujue sehemu ya nyuma bado itakalia ufizi, na utarudi mara kwa mara kupimwa na pengine meno hayo kujaziwa upande unaokalia ufizi. Na kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio, mwambie daktari, kwa kuwa baadhi ya aloi zina nikeli.

Kikulabu changu kimoja kinaonekana nikicheka. Mjukuu wangu anakiita hereni ya jino. Mwanzoni nilikuwa naziba mdomo kwa mtandio, siku hizi nacheka tu.

Kuyavaa, yasukume kwa vidole; ukiyauma ili yaingie, vikulabu vinapinda. Usiku yavue. Shoga yangu mmoja alinishauri niyaloweke kwenye jiki yang'ae, nikakaribia kumsikiliza. Jiki inakula chuma, na maji ya moto yanapinda plastiki iliyoshika meno. Mimi natumia mswaki laini na sabuni ya vyombo kidogo, juu ya beseni lenye maji, kwa sababu yamekwisha kuniponyoka mara mbili.