Priampu ya mtumba kwenye besi: ipime mezani kwanza

Wengi wanaokuja na gita la besi begani na priampu ya mtumba mfukoni, yaani kisaketi cha betri kinachokuza sauti ya gita, wanataka jambo moja: ifungwe leo, Jumapili ikapigwe kanisani. Kwako unayeanza ufundi huu, nasaha yangu ni moja: priampu iliyotumika isiingie ndani ya gita kabla hujajua mezani kwamba ni nzima. Ikishafungwa, hutajua kama kosa liko kwenye kifaa, kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo) au kwenye lehemu yako.

Hata kabla ya hapo, uliza besi inaumwa nini. Kama sauti imefifia kwa sababu nyuzi zimechakaa, badilisha nyuzi. Kama pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zinavuma, priampu itaukuza na huo mvumo. Faida ya priampu ni mpigaji kuongeza au kupunguza sauti nzito (besi) na nyembamba (trebo) mwenyewe, akiwa jukwaani, asimsubiri mtu wa miksa. Gita la besi la StingRay la Music Man lilitoka na mfumo huo kiwandani mwaka 1976, na mpaka leo wanaotafuta sauti yake ni wengi.

Vifaa vya mtumba huja na nyaya zilizokatwa fupi na bila karatasi ya maelekezo. Tafuta jina na namba kwenye bodi. Aguilar, Bartolini na EMG wameweka michoro yao mtandaoni. Kama haina jina, soma chipu. Ukikuta TL062, ambayo ni ya kawaida sana kwa sababu haili umeme mwingi, una bahati. Weka kile kikato au kidoti juu: mguu wa 1 uko kushoto juu, hesabu ukishuka hadi 4, kisha vuka upande wa pili na kupanda juu hadi 8. Mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi. Kwa hiyo unaweza kufuata njia za shaba mpaka uone waya upi ni wa betri, hata kama aliyekutangulia alitumia rangi alizozipata tu.

Sasa weka betri ya volti 9, ukiwa mwangalifu na pande zake. Saketi nyingi hazina kinga, na kugusisha kofia ya betri kinyume mara moja tu kunaweza kuiua chipu. Kwa multimita, kile kipima umeme, pima volti kati ya mguu wa 4 na wa 1, halafu wa 4 na wa 7. Inatakiwa usome takribani nusu ya betri, yaani 4.5. Ukisoma karibu na 0 au karibu na 9, kuna kilichokufa. Kisha pitisha umeme wa betri ndani ya multimita uone miliampia. Betri ya alkalaini ina kama miliampia-saa 500, hivyo priampu inayokula 1 itakaa mamia ya saa. Ikila 20, mrudishie muuzaji.

Mtu atakuambia uunge betri mbili upate volti 18. Soma kwanza maandishi kwenye kapasita. Zikiwa za volti 16, mwache aseme.

Jeki ndiyo inayowasumbua wageni kuliko yote. Ile ya mono haifai. Unahitaji ya stirio, kwa sababu ndiyo swichi ya betri. Waya mweusi wa betri unaenda kwenye mguu wa kati wa jeki, ule wa pete. Ukichomeka kebo ya kawaida ya gita, shina la plagi linaunganisha pete na ethi (waya wa ardhi), saketi inawaka. Usikisie mguu upi ni upi: chomeka kebo, weka multimita kwenye mlio, gusa miguu miwili miwili. Miwili itakayolia kebo ikiwa ndani na kunyamaza ikitoka ndiyo pete na ethi. Mwenye besi umwambie achomoe kebo kila akimaliza kupiga, la sivyo betri italiwa usiku kucha.

Upande wa poti, vile vitufe vya kuzungusha, pikapu za kawaida zisizo na betri zinataka volyumu ya kilo-omu 250 au 500 kabla ya priampu. Poti ya 25 inakaa baada ya priampu, au inatumika na pikapu zenye umeme wake. Ukiiunga moja kwa moja na pikapu za kawaida, kabla ya priampu, trebo inapotea na sauti inashuka, halafu lawama zinaiendea priampu.

Nafasi nayo ipime kwa rula. Betri ina urefu wa milimita 48.5 na unene wa 17.5, na shimo la besi za umbo la Jazz Bass ni jembamba. Isipoingia, usichonge mbao ya mtu bila ruhusa yake. Ikiingia, ifunge kwa sponji isigonge wala isiguse karatasi ya shaba.

Waya wa ethi unaotoka kwenye daraja la nyuzi usiusahau. Ukimaliza, shika nyuzi: mvumo unapaswa kupungua.

Mimi huongeza swichi ndogo ya miguu sita inayoiruka priampu, pikapu ziende moja kwa moja kwenye jeki. Wateja hulalamikia gharama yake, mpaka betri iishe katikati ya ibada.