Kadi inasema 5000, daktari kasema 50

SWALI: Shikamooni wahariri. Mama yetu amerudi kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, alikopigwa mionzi. Kadi yake imeandikwa "5000 cGy/25#". Daktari alituambia amepata 50. Mdogo wangu amekuta kitabu cha zamani kinachotaja "5000 rad", na mahali pengine akasoma kwamba grei 4 zinaweza kuua mtu. Nyumbani hatulali. Tushike lipi? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Namba zote tatu ni kiasi kile kile, kwa hiyo hakuna aliyekosea wala aliyewaficha.

Grei, kwa kifupi Gy, ni jouli 1 ya nishati ya mionzi iliyofyonzwa na kilo 1 ya mwili. Ile "c" ndogo ya mbele ni senti, na kama ilivyo kwenye shilingi, senti 100 ndizo zinazofanya moja. Gawa 5000 kwa 100, unapata grei 50. Rad ndiyo iliyotumika kabla grei haijakubaliwa kimataifa mwaka 1975, na rad 1 ni cGy 1 kamili. Ndiyo sababu cGy imedumu hospitalini: aliyezoea rad hakulazimika kubadili hata tarakimu moja. (Tunaandika rad bila "i" mwishoni, isije ikasomwa kama radi ya masika.)

Alama # hapo ni idadi ya mara alizopigwa. 5000 gawa kwa 25 ni cGy 200, yaani grei 2 kila mara. Kwa kawaida tiba hutolewa siku 5 kwa wiki, basi kama mama alitibiwa wiki 5 hivi, kadi imekaa sawa.

Sasa hizo grei 4. Kitabu hakikudanganya, ila kinazungumzia mwili mzima kupigwa kwa mkupuo mmoja. Hapo, bila matibabu, karibu nusu ya watu hufariki ndani ya siku 60. Na si kwa joto: kilo 1 ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ipande digrii 1, kwa hiyo jouli 4 hazifikishi hata elfu moja ya digrii. Kinachoua ni kukatika kwa nyuzi za DNA ndani ya seli. Kwa mama, grei 50 zililengwa sehemu yenye ugonjwa, kidogo kidogo, ili seli nzima zilizo jirani zipate muda wa kujitengeneza kati ya siku na siku. Grei huhesabiwa kwa kila kilo ya sehemu iliyopigwa. Ukitaja grei bila kusema wapi na kwa mara ngapi, hujasema kitu.

Kadi hiyo itunzeni vizuri. Akihitaji mionzi tena, madaktari watauliza dozi, idadi ya mara na sehemu iliyopigwa. Mkiinakili, msiache herufi "c": 5000 Gy haiwezi kuwa dozi ya mgonjwa yeyote.

SWALI: Nachomelea mabomba upande wa Madimba. Wanaopiga picha za maungio kwa iridi-192 (chanzo cha mionzi ya gamma) wana mita ya zamani inayosoma mR/h, lakini kibao cha tahadhari kimeandikwa µSv/h. Sindano ikisimama kwenye 2, mimi nipo kwenye ngapi? (Fundi, Mtwara Vijijini)

JIBU: Kabla ya sindano, tazama swichi ya kuzungusha iliyoandikwa ×1, ×10, ×100. Hapo ndipo watu wanapoumia. Sindano kwenye 2 na swichi kwenye ×10 ni 20 mR/h.

Rentgeni (R; mR ni sehemu yake ya elfu) hupima athari ya mionzi kwenye hewa, siyo mwilini. Kwa gamma, R 1 huipa nyama ya mwili rad 0.96 hivi, na kazini tunaihesabu 1. Siverti (Sv) hupima madhara ya dozi mwilini, na kwa gamma grei 1 ni Sv 1; mSv ni sehemu yake ya elfu, µSv ya milioni. Hivyo 1 mR/h ni takriban 10 µSv/h. Hiyo 20 yako ni 200 µSv/h. Herufi "h" ni saa: ukikaa nusu saa umepata 100 µSv, au 0.1 mSv. Kikomo cha mtu asiye mfanyakazi wa mionzi ni 1 mSv kwa mwaka, nawe mchomeleaji umo humo. Nusu saa kumi za namna hiyo zinakumaliza mwaka mzima. Ondoka, ukizidisha umbali mara mbili, dozi hushuka hadi robo.

Na hili lishike sana: baadhi ya mita za Geiger za zamani zikizidiwa na mionzi mikali hurudi sifuri. Ukiona sifuri na chanzo kiko wazi karibu yako, kimbia.

SWALI: Ripoti ya beji yangu ya kupima mionzi ninayopata kazini, ya miezi mitatu, ni 0.35 mSv. Ili nipate mrem nazidisha kwa 10 au 100? Na mSv ni sawa na mGy? (Chumba cha eksirei, Nachingwea)

JIBU: Kwa 100: umepata 35 mrem (mrem ni sehemu ya elfu ya rem, kipimo cha zamani cha siverti). Ile 10 inatoka kwenye mrem 1 kuwa µSv 10, ndipo watu wanapochanganya. Kikomo chako, 20 mSv kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, ni rem 2.

Kwa eksirei mwili mzima ukipigwa sawasawa, mGy 1 huhesabiwa mSv 1 kwa sababu kizidisho chake cha madhara ni 1. Cha mionzi ya alfa ni 20, hivyo usiivushe kanuni hiyo nje ya chumba chako. Unapojaza daftari kwa mkono, µ andika "maikro" kwa herufi zote. Mkia wake ukifutika husomwa "m", na dozi inapanda mara 1,000.